Liwake Kwanza, Rangi Baadaye

Mdogo wangu wa Indiana, barua yako nimeisoma na nimecheka peke yangu jikoni. Kwa faida ya wenzio wanaofuata kona hii: binti huyu na mumewe wamenunua nyumba nje kidogo ya mji, kiwanja kinakaribia ekari moja. Jirani yao, mzee wa makamo ya babu, ana trekta dogo jekundu aina ya Wheel Horse ambalo limelala bandani miaka mingi chini ya turubai. Kamwambia atamwachia kwa bei ya kutupa. Mumewe, shemeji yangu, anacheka. Binamu yake anasema chukua mashine mpya dukani, utalipa kidogo kidogo. Binti mwenyewe hajawahi kushika spana, lakini tangu alione trekta lile usingizi hauji. Anauliza: Dada, nimerogwa?

Hujarogwa. Ni mapenzi ya chuma tu, na Marekani wamejaa watu wa namna yako, wake kwa waume. Tena umeyapatia kwenye chimbuko lake. Wheel Horse imezaliwa South Bend, huko huko Indiana, mwaka 1946, pale Elmer Pond alipoanza kuunda matrekta madogo, na mwanawe Cecil akaikuza kampuni. Mwaka 1974 ikanunuliwa na American Motors, wale wa magari, na mwaka 1986 ikaangukia mikononi mwa Toro. Kwa watu wa rika la mzee wako, jina hilo ni la nyumbani.

Wasomaji wa Mwanza na Mombasa mnaojiuliza tunazungumzia nini: trekta la bustani si lile Massey la shamba la mpunga, wala si kile kigari chepesi cha kukatia majani kinachouzwa siku hizi. Liko katikati. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani wengi walihamia pembezoni mwa miji, wakapata viwanja vipana, na viwanda vikanusa biashara. International Harvester walitoa Cub Cadet yao ya kwanza kwa mwaka 1961, injini ya nguvu za farasi 7. John Deere wakaja na 110 mwaka 1963, kutoka kiwanda chao cha Horicon, Wisconsin. Matrekta haya yalikata majani, yakasukuma theluji, yakavuta plau. Mengi yana injini ya Kohler ya silinda moja, chuma kizito cha kusubu, inapozwa kwa upepo, haina kompyuta wala sensa. Fundi wa Gerezani pale Dar angeifungua leo hii bila kumuuliza mtu.

Sasa ushauri wangu, na huu nitakung'ang'ania nao: usilivunjevunje trekta kabla halijakufanyia kazi. Wageni wa mchezo huu wote wanaanguka shimo moja. Trekta likifika tu nyumbani, wanalifungua mpaka nati ya mwisho ili wapige rangi fremu. Kufika Machi, kabureta iko kwenye sufuria, boliti ziko kwenye makopo yasiyo na alama, mtoto kazaliwa, zamu za usiku zimeongezeka kazini. Trekta linaishia kuuzwa likiwa ndani ya maboksi, kwa mtu mwingine mwenye ndoto ileile. Wewe liwashe kwanza. Likate majani msimu mzima. Litakuonyesha lenyewe wapi linaumwa.

Ukienda kuliangalia, nenda mchana, vaa nguo za kuchafuka, na usikubali mtu akimbilie kulipiga staata. Anza kwa kuizungusha injini kwa mkono. Ikizunguka, hata kwa uzito, habari njema. Ikiwa imeshika, si mwisho wa dunia: unatoa plagi, unamimina mafuta ya kulainisha ndani ya silinda, unaacha siku kadhaa, kisha unajaribu taratibu bila kutumia nguvu za hasira. Ila bei lazima ishuke. Chomoa kijiti cha oili, kisha ukague na oili ya gia boksi. Wheel Horse za gia huingiza maji pale mkono wa gia unapozama, na oili iliyochanganyika na maji ina rangi ya chai ya maziwa. Maji yaliyokaa humo wakati wa baridi kali yanaganda, na beringi zinaota kutu.

Kisha ushike tairi la nyuma kwa mikono miwili, ulitikise. Hapo ndipo ninapowaona wanunuzi wengi wanapita bila kugusa. Kama habu inacheza juu ya ekseli, ujue kile kipande kidogo cha chuma kinachozifunga pamoja, ambacho mafundi wanakiita kii, kimelika, na huenda ekseli yenyewe imeanza kuliwa. Kuitoa habu ya Wheel Horse iliyoshika ni kazi ya kumlaza mtu na viatu. Ulipe bei ukijua hilo.

Halafu mdogo wangu, usiondoke bandani bila kuuliza vifaa. Deki ya kukatia majani iko wapi? Plau? Bledi ya theluji? Vyuma vya uzito vya magurudumu? Minyororo ya matairi? Wazee wana tabia ya kuuza trekta wakasahau kwamba nusu ya thamani yake imeegemezwa ukutani nyuma ya ngazi. Ukirudi baada ya mwaka, mwanawe ameshaviuza kwa bei ya chuma chakavu, na wewe utavitafuta mikoa mitatu. Mwulize pia kama ana kitabu cha maelekezo. Na keti umsikilize. Anayeijua historia ya lile trekta ni yeye peke yake, na nusu saa ya hadithi zake itakueleza mara ya mwisho injini ilifunguliwa lini na kwa nini liliegeshwa.

Limefika nyumbani? Petroli ya zamani imwage yote, usiichanganye na mpya. Mipira ya mafuta badilisha bila kuhurumia. Mimina oili mpya. Hizi Kohler za zamani zinakunywa SAE 30 majira ya joto. Kisha fungua lile bati linalofunika injini juu. Watu wanaliruka hili kwa kuwa halionekani kuwa na ugonjwa, lakini panya wa mashambani wanapapenda mno. Utakuta kiota cha manyasi, pamba za kiti na maganda ya mbegu kimeshindiliwa katikati ya mapezi ya kupozea silinda. Injini hii haina rejeta; upepo ukizibwa, inajichoma yenyewe huku wewe ukikata majani kwa raha zako.

Kama plagi haitoi cheche, usikimbilie kununua koili. Ubavuni mwa injini kuna kifuniko kidogo, na chini yake ndiko ziliko pointi: vidomo viwili vya chuma vinavyoachana na kukutana. Vikikaa miaka bila kazi vinaota utando usioonekana, na umeme haupiti. Pitisha msasa laini kidogo, kisha chukua kipande cha karatasi ngumu safi, ukibane katikati ya vidomo na kukivuta. Kitatoka na mstari mweusi. Rudia mpaka karatasi itoke nyeupe. Zungusha injini mpaka vidomo viachane kabisa, pima nafasi kwa fila ya inchi 0.020, kaza skrubu, rudisha kifuniko. Kazi hiyo haihitaji misuli, inahitaji subira na macho, na ndiyo maana sina shaka nawe.

Neno moja kuhusu kupima kompresheni. Binamu yako atakuja na geji, aone namba ndogo, atangaze msiba. Mwambie Kohler nyingi za aina hii zina kifaa kinacholegeza valvu wakati wa kuwasha ili staata isielemewe. Namba ndogo si lazima iwe ugonjwa. Na ukija kuifungua injini siku moja, ukikuta ni K241, K301, K321 au K341, angalia kama ina zile gia mbili ndogo za kupunguza mtikisiko. Zikipasuka zinaweza kuvunja injini nzima, na wajuzi wengi huzitoa wakaziweka kando.

Siku ya kuliwasha, lisukume nje. Nasema nje, si mlangoni mwa gereji. Moshi wa ekzosi una gesi isiyo na harufu inayoua familia zilizolala. Weka kizima moto karibu. Moshi wa bluu dakika za mwanzo usikutishe, mafuta uliyomimina kwenye silinda yanaungua. Ukiendelea siku nzima, ringi za pistoni zimechoka, lakini hata hivyo litakata majani msimu huu.

Hapa nakunja uso kidogo. Mengi ya matrekta haya ya zamani hayana swichi ya kiti ya kuzima injini ukiinuka. Ukianguka, visu vinaendelea kuzunguka na trekta linaendelea na safari. Kwa hiyo hakuna kumpakata mtoto, hata kwa picha ya kuwatumia bibi na babu. Hakuna kuingiza mkono chini ya deki kabla ya kuzima injini na kuchomoa waya wa plagi. Na hakuna kujilaza chini ya trekta lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Msimu ukiisha, theluji ikitanda, ndipo unafungua. Sehemu moja kwa majira ya baridi moja: mwaka huu usukani na breki, mwakani injini. Piga picha kabla ya kila boliti. Kibao cha namba kwenye bati la Kohler kinakili pembeni, maana vipuri vinaagizwa kwa namba hiyo, siyo kwa kusema ni jekundu. Shukuru kwamba pointi, gasketi na vifaa vya kabureta bado vinatengenezwa.

Kutu ndogondogo unaweza kuitoa kwa umeme: ndoo ya plastiki, maji yenye magadi ya kufulia, chaja ya betri ya volti 12. Waya hasi kwenye kifaa chako, chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida cha kutupa. Usitumie chuma kisichoshika kutu, hicho hutoa sumu ndani ya maji. Fanyia nje, mbali na sigara, kwa sababu yale mapovu ni haidrojeni. Rangi ya zamani usiikwangue kavu, huenda ina risasi. Lowesha, vaa barakoa, wanao wawe ndani.

Kuhusu kupaka rangi mpya, mimi nina upande wangu. Kama rangi ya kiwandani bado ipo hata kwa nusu, iache. Trekta unaweza kuling'arisha upya mara nyingi utakavyo, lakini rangi yake ya kwanza ikishakwanguliwa hairudi. Wenye tamaa ya rangi wakatafute zile John Deere za kati ya 1969 na 1971, zilizouzwa nyeupe zikiwa na boneti na kiti vya rangi ya chungwa, manjano, bluu au nyekundu. Hazikupata wateja wengi wakati wake, sasa watu wanagombania. Na waigaji wapo, hivyo macho mbele.

Sasa tuje kwa shemeji yangu na pesa. Trekta la kwanza halitavunja ndoa yenu. Litakaloleta maneno ni la pili, lile la kutoa vipuri, na la tatu lililokuwa karibu bure. Kubalianeni mapema, mezani, chai ikiwepo: gereji yenu inabeba mangapi, na pesa inatoka mfuko gani. Bei ya kununua ndiyo ndogo kuliko zote utakazolipa. Betri, matairi na mikanda vinakuja nyuma yake. Halafu mpe shemeji usukani siku ya kwanza ya kukata majani. Nimeona wanaume wengi wakiacha kucheka wakiwa kwenye kile kiti.

Ile bustani ya mchicha na majani ya maboga uliyoitaja kwenye barua inawezekana kabisa. Plau ya inchi 10 inatosha, ukiongeza vyuma vya uzito nyuma na kutembeza gurudumu moja ndani ya mfereji. Usilime udongo ukiwa tope. Tena majimbo mengi ya huko wenye matrekta haya hukutana majira ya kuchipua na ya vuli kwenye shamba la mwenzao, kila mtu na trekta lake, wakalima pamoja siku nzima. Nenda hata kabla lako halijawaka. Utajifunza mengi zaidi ukisimama nyuma ya mzee anayerekebisha plau yake.

Na swali lako la mwisho, kwamba kaka yako Morogoro anataka ulipakie kwenye kontena akalimie. Hapana. Udongo mkavu wa kule utalitoa jasho trekta la bustani, na mkanda ukikatika ataanza kukupigia simu usiku wa manane akitaka utume mwingine. Kama ni mpunga, atafute pawatila, mafundi wake wapo na vipuri vipo. Kama anataka trekta la kizamani hasa, atafute Massey Ferguson 135. Ilianza kutengenezwa miaka ya 1960, bado zinalima, na fundi atampata bila kukuuliza wewe.