Somo la Ufundi: Taa ya Injini Inawaka, Mashine Inasema Hakuna Kosa



Somo hili linawahusu kwanza madereva, matingo na mafundi wa karakana. Lakini mchuma chai na mfanyakazi wa kiwandani nao walisome, kwa maana wengi wetu husafiri kwa magari hayo hayo. Hapa Gisenyi gari huondoka kando ya Ziwa Kivu, zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na papo hapo huanza kupanda barabara ya Musanze au kuingia njia za mashamba ya chai ya Pfunda. Injini ikizimika mteremkoni, usukani na breki huwa vizito. Hapo maisha ya watu yamo hatarini.

Jambo lenyewe ni hili. Taa ya injini inawaka. Fundi anachomeka mashine ya kusomea makosa, nayo inaandika kwamba hakuna kosa. Msimamizi anasema gari ni zima. Kesho injini ikifa, lawama humwangukia dereva. Basi tujifunze kwamba ukimya wa mashine si ushahidi wa uzima wa gari.

KWA NINI MASHINE HUNYAMAZA?

1. Huenda taa si ile tunayoidhani. Taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili kwa kawaida hutawaliwa na swichi ya presha ya oili, na katika magari mengi haiandiki namba yoyote. Ikiwaka safarini, simama mahali salama, zima injini, pima oili. Taa yenye picha ya spana, katika baadhi ya magari, ni ukumbusho wa sevisi tu.

2. Mashine na gari hazisemi lugha moja. Marekani ililazimisha utaratibu mmoja wa kusoma makosa kwa magari madogo kuanzia modeli za 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001. Gari kuukuu lililotengenezwa kwa soko la Japani linaweza kuwa na soketi ya umbo lile lile na bado lisisomeke. Malori makubwa ya volti 24 yana utaratibu wake. Mashine ya volti 12 inaweza kuungua humo.

3. Mashine ya bei nafuu husoma namba za jumla tu. Namba za kiwanda kilichotengeneza gari, au za kompyuta ya giaboksi, haizioni.

4. Kumbukumbu imefutwa. Katika magari mengi, hasa ya zamani, kuchomoa betri hufuta namba zilizohifadhiwa.

5. Waya wa taa umechubuka na kugusa bodi. Hapo taa huwaka bila kuamriwa na kompyuta.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini lazima iwake. Isipowaka, balbu imekufa au imeondolewa, na gari hilo lina mficho. Washa injini, taa izimike baada ya muda mfupi.

Pili, mashine isipowaka kabisa, tazama fyuzi ya soketi. Katika magari mengi fyuzi hiyo ndiyo ya kiwashio cha sigara.

Tatu, mashine ikiunganika, iulize kama kompyuta imeamuru taa iwake. Jibu likiwa hapana, na taa inawaka, fuata waya na dashibodi. Likiwa ndiyo, tafuta mashine inayosoma namba za kiwanda hicho, na usome pia makosa yanayosubiri kuthibitishwa.

Nne, pima betri injini ikiwa imezimwa: yenye chaji hukaribia volti 12.6. Injini ikinguruma, altaneta nyingi hutoa kati ya volti 13.5 na 14.5. Kisha kaza na usafishe waya za athi. Umeme dhaifu huichanganya kompyuta.

Tano, tikisa soketi za waya moja moja injini ikiwa inanguruma, mbali na feni na mikanda. Mvua, vumbi na mtikisiko wa njia za mashamba hulegeza viungo.

Taa ya injini ikimetameta na injini ikikosa moto, usiendelee na safari. Petroli isiyoungua huharibu kichujio cha moshi kwa joto kali.

HAKI YETU

Usifute namba kabla ya kuziandika. Andika daftarini siku, saa, mahali, taa iliyowaka na jinsi injini ilivyofanya, kisha msimamizi atie sahihi. Karatasi hiyo ndiyo ngao ya dereva. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka alindwe mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa ya karibu kwa maisha yake, akiwa na sababu za haki. Tangu 2022 mkataba huo umo katika mikataba ya msingi ya shirika hilo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, kazini kwetu kuna daftari la ubovu wa magari? Nani hulisoma?
2. Mashine ya karakana yetu husoma magari yapi, na yapi haiyasomi?
3. Dereva akikataa kuondoka na gari lenye taa nyekundu ya oili, sisi wenzake tutasimama wapi?