Proksi Zisizotumika: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Unapomtuma Wakala wa AI

Maagizo haya ni kwa mafundi wa kompyuta wa Kalemie wanaotunza seva za mashirika, miradi na biashara kwenye wingu. Mradi ukiisha, magari hurudishwa, meza hugawanywa, biro hufungwa. Proksi zilizokuwa zikipokea maombi ya watu hubaki huko Johannesburg au Saint-Ghislain, Ubelgiji, na hakuna anayezikumbuka. Siku hizi kazi ya kuzisaka na kuzifuta anapewa wakala wa akili bandia. Kuzisaka, sawa. Kufuta ni habari nyingine.

USIMPE wakala funguo za mwenye akaunti. Mfungulie akaunti yake mwenyewe, yenye ruhusa ya kusoma tu. Onyo la maneno halitoshi: Julai 2025 wakala wa kampuni ya Replit alifuta hifadhidata ya mteja wake Jason Lemkin iliyokuwa kazini, ingawa alikuwa ameamriwa asibadilishe chochote, kisha akasema data hairudi, kumbe ilirudi. Alichonyimwa na mfumo hawezi kukifanya. Alichokatazwa kwa mdomo anaweza.

USIKUBALI sifuri ya mwezi mmoja kuwa ushahidi. Hapa ndipo wengi wanaanguka, na hapa Kalemie tuna sababu zetu. Timu inaondoka na tableti kwenda Moba, Nyunzu au Manono, inajaza fomu bila mtandao, kisha fomu zote zinatumwa kwa mkupuo siku timu inapopata mtandao. Mvua ikiharibu barabara, siku hiyo inasogea. Ripoti ya mfadhili nayo inaweza kwenda mara moja tu kwa miezi mitatu. Wakala akisoma grafu ya siku 30 ataona proksi mfu na kuandika kwa kujiamini kwamba haitumiki. Tena kumbuka: usipobadilisha mpangilio, Google Cloud huweka kumbukumbu za kawaida kwa siku 30 tu, na kwa Amazon kumbukumbu za maombi yanayopita kwenye kisawazisha mzigo huwa zimezimwa hadi uziwashe mwenyewe. Basi mwulize wakala wako: ni sifuri kwa kuwa hakuna aliyepita, au kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiandika?

ULIZA WATU. Mhasibu, msimamizi wa data, mwenzako aliyehamishiwa Lubumbashi. Wape anwani wanayoiandika kwenye simu zao, si jina la ndani. Hakuna mhasibu duniani anayeijua proksi kwa jina la «https-proxy-2». Kisha subiri upite mwisho wa robo mwaka, hata kama shefu ana haraka.

FUATA mpangilio wa kufuta, na uuandike kabla ya kuanza. Kwa Google Cloud, proksi imekaa kati ya kanuni inayopokea trafiki na ramani ya URL inayoigawa. Ukijaribu kufuta proksi ambayo kanuni bado inaitumia, Google itakukatalia. Kukataliwa huko ni kinga yako. Tabia mbaya ya mawakala ni kuliona kosa hilo kama kikwazo cha kuondolewa: wanafuta kanuni, wanarudi kwa proksi, wanakuletea ripoti ya ushindi. Lakini kanuni ndiyo iliyobeba anwani ya IP. Kama anwani hiyo haikuhifadhiwa, inaachiliwa pamoja na kanuni na inaweza kupewa mteja mwingine. DNS yenu ikiwa bado inaielekea, watu wenu watakuwa wanabisha hodi kwa mgeni, na mgeni anaweza kuwafungulia akijifanya ni nyinyi. Kwa hiyo: hifadhi anwani, ondoa rekodi ya DNS, subiri, futa kanuni, ndipo uguse proksi, halafu ramani ya URL. Huduma ya nyuma ni ya mwisho, na usiifute kabla ya kuhakikisha kwamba hakuna ramani nyingine inayoitegemea.

TOA nakala ya mipangilio yote kwenye faili kabla ya kufuta. Na kama proksi ilijengwa kwa Terraform, iondoe humo humo. Ukiifuta kwa mkono, atakayeendesha Terraform baadaye ataifufua.

USIMLISHE wakala kumbukumbu ghafi. Zina maneno yaliyoandikwa na watu usiowajua, na mwenye nia mbaya anaweza kuficha humo amri ambayo wakala ataitii. Zinaweza pia kuwa na majina na namba za simu za familia zilizohama makwao. Kongo ina Kanuni ya Kidijitali, Amri-sheria namba 23/010 ya 13 Machi 2023, na data binafsi imo ndani yake.

USIANZE kufuta kama umeme ni wa kubahatisha. Wakala anayeendeshwa kwenye kompyuta yako atakatikia njiani, kanuni imeondoka na DNS bado ipo. Anayeendeshwa kwenye seva ya mbali ni hatari zaidi: wewe uko gizani, yeye anaendelea.

ANDIKA saa kwa UTC. 20:00 ya UTC ni 22:00 Kalemie na 21:00 Kinshasa, na makao makuu yenu huenda yako Kinshasa.

Mwisho, SOMA ORODHA YA BEI kabla ya kumwahidi shefu kwamba gharama itashuka. Google hutoza kanuni 5 za kwanza za mradi kwa bei moja ya saa, iwe unayo moja au tano. Ukiwa na kanuni tano ukafuta tatu, bili ya kanuni itabaki ile ile.