MBWA WA KUWINDA NA KONDOO WA JIRANI

 

SUALA. Ndugu yetu mmoja wa Rabai ametuuliza. Jirani yake, Mwislamu mwenziwe, ana mbwa aliowafunza kuwinda. Mchana mmoja waliingia katika kundi la kondoo. Mmoja akafa papo hapo, na wa pili akawahiwa kuchinjwa. Mwenye mbwa amekataa kulipa, kwa hoja kwamba imepokewa katika Hadithi kuwa madhara ya mnyama hayana fidia. Tena asema yule aliyekufa ni halali kuliwa, kwani mbwa wake ni wa kuwinda.

JAWABU. Twaanza na nyama. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Maida aya ya 4, ametuhalalishia windo la mnyama aliyefunzwa. Lakini ruhusa hiyo ni ya mnyama wa mwitu asiyeweza kushikwa. Kondoo yuko mkononi mwa mwenyewe, na uhalali wake ni kisu. Yule aliyekufa ni mzoga, hata kama mbwa alitumwa kwa Bismillahi. Yule aliyewahiwa akiwa na uhai thabiti, akachinjwa, ni halali, kwa aya ya 3 ya Sura hiyo hiyo. Na mahali palipoumwa paoshwe mara saba, moja kwa udongo, kama ilivyo katika madhehebu yetu ya Shafi.

Ama fidia, Hadithi aliyoitaja ni sahihi, lakini ameiweka pasipo mahali pake. Maana yake ni mnyama aliyeponyoka bila ya mwenyewe kufanya taksiri. Imam Nawawi katika Minhaj amemtaja paka aliyezoea kula ndege au chakula cha watu, kwamba mwenyewe hudhamini, usiku na mchana. Ikiwa paka ana hukumu hiyo, mbwa mwenye kurarua kondoo atasamehewaje? Ikiwa mwenyewe alikuwa pamoja nao, au alijua tabia yao asiwafunge, ni juu yake kulipa thamani ya kondoo kama ilivyokuwa siku ile. Ikiwa ndiyo mara ya kwanza, naye hakujua wala hakuwapo, hapo ana udhuru; lakini baada ya leo hana tena.

Na hapa twamwomba ndugu yetu azingatie. Mbwa aliyefunzwa, kwa kauli ya wanavyuoni, ni yule aendaye akitumwa, asimamaye akikatazwa, na asiyekula alichokamata; na hayo yakariri mpaka ijulikane kuwa ni tabia yake. Mbwa aliyeitwa akamwacha bwana wake akafuata kondoo, huyo hakufunzwa. Basi hata paa aliyemuua ni mzoga! Mtu hawezi kusema mbwa wake ni hodari anapotaka nyama, kisha akasema ni mnyama tu asiye na akili anapodaiwa.

Tena kuna jambo la asili. Mtume (s.a.w.) ametuhadharisha kwamba afugaye mbwa hupungukiwa na thawabu zake kila siku, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba. Nasi twajua kwamba serikali ya Kenya imepiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977. Basi mwenye kufuga kwa jina la kuwinda ana udhuru gani leo? Na awe wa kulinda mazizi na minazi. Afungwe mchana, alishwe, achanjwe kila mwaka, maana kichaa cha mbwa kikishadhihiri kwa mtu hakina dawa. Kumtesa au kumwacha na njaa ni haramu. Naye mwenye njaa ndiye wa kwanza kwenda zizini kwa watu.

Na mwenye kondoo amfukuze mbwa kwa jepesi kabla ya zito, wala asitege sumu: sumu haichagui mbwa wala mtoto.

Ndugu zetu, Rabai Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu hupakana mashamba. Jirani hatatusoma katika vitabu vyetu. Atatusoma siku kondoo wake atakapoliwa na mbwa wetu. Tulipe kabla ya kudaiwa. Wallahu aalam.