Boksi la Televisheni Ukumbini: Nani Ameliwekea Programu?



Somo la robo hii linahusu kifaa kidogo ambacho huingia kwenye bajeti za kumbi zetu bila kujadiliwa sana. Watazamaji wa Dar es Salaam wanakumbuka usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa na king'amuzi kikawa lazima. Manung'uniko ya wakati ule, kuanzia Mbagala hadi Tegeta, yalihusu zaidi gharama. Leo kuna boksi jingine, la Android, ambalo huchomekwa kwenye televisheni ya kawaida na kuifanya ipokee vipindi kwa njia ya intaneti.

Android imejengwa juu ya Linux, na msingi wake ni programu huria. Maana yake, maandishi ya programu yako wazi. Mtu yeyote anaweza kuyachukua bila malipo, kuyabadili na kuyatia katika bidhaa yake. Hata televisheni za LG na Samsung huendeshwa na mifumo yenye kiini cha Linux. Wengi wanaosema hawaijui Linux wanaitumia kila jioni wakati wa taarifa ya habari.

Uhuru huo umetufaa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, bila kuomba ruhusa ya kampuni yoyote.

Lakini ramani ya nyumba ikiwa wazi, hata fundi asiye mwaminifu anaweza kuijenga, akaacha mlango wa nyuma usiokuwemo kwenye ramani. Ndivyo ilivyotokea. Mwezi Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa tahadhari juu ya BADBOX 2.0, mtandao wa wahalifu uliojipenyeza katika mamilioni ya vifaa, yakiwemo maboksi ya televisheni ya bei nafuu yanayotumia Android huria. Mengine yalikuwa na programu mbaya kabla hayajafika kwa mnunuzi. Boksi la namna hiyo huwapitisha wezi kwenye intaneti yako, wao wakajificha nyuma ya jina lako.

Mtazamaji ukumbini haoni hayo. Anaona picha inakwama, bando limekwisha kabla ya wiki kuisha, kisha analaumu mtandao. Wengine hulaumu "vitu vya bure". Kwa maoni yetu hilo si sahihi: kosa liko kwa aliyeibadili programu na kuiuza bila kusema alichoongeza, wala kuleta marekebisho baadaye. Bando hilo, tukumbuke, limelipwa kwa sadaka au kwa fedha za mfadhili.

Kamati inapokwenda Kariakoo iulize kama boksi limeidhinishwa na Google, maana msingi huria hutumika pia bila idhini hiyo. Likiahidi chaneli zote za kulipia bure, liachwe dukani. Vivyo hivyo likikuelekeza uzime ulinzi wa Play Protect. Na kama tayari mnalo moja la kutiliwa shaka, lichomoeni kwenye intaneti kwa wiki moja, mkaandike matumizi ya bando kabla na baada, mlete takwimu hizo kwenye kikao kijacho.