Kwa Nini Mtungi Hutoa Jasho

Pitisha kiganja ubavuni mwa mtungi uliojazwa maji tangu asubuhi. Una unyevu, tena una ubaridi. Maji yamepenya ukuta mzima na kutokea nje. Aliyezoea ndoo ya plastiki atasema mtungi huu unavuja, lakini thamani yake yote imo katika huko kuvuja. Ili kuelewa sababu, inabidi tuanze na udongo wenyewe.

Udongo wa mfinyanzi ni mwamba uliooza. Mawe yenye madini ya feldispa hunyeshewa na mvua yenye asidi hafifu kwa maelfu na maelfu ya miaka, yakabadilika taratibu na kuacha chembe ndogo mno, nyingi zisizozidi sehemu mbili za elfu moja ya milimita. Chembe hizo ni bapa, na kati ya bapa na bapa hukaa utando mwembamba wa maji. Chukua vipande viwili vya kioo, viloweshe, kisha uvibandike: vitateleza kimoja juu ya kingine bila taabu, ila kuvibandua ni kazi. Ndivyo udongo unavyokubali kubonyezwa na kuvutwa, halafu ukabaki na umbo ulilopewa. Wahenga waliposema udongo uwahi ungali maji, walijua kwamba utando huo ukishakauka, hakuna kuteleza tena.

Maji yanapotoka, bapa husogeleana na chombo husinyaa. Mdomo mwembamba ukikauka mapema kuliko kitako kinene, sehemu moja inasinyaa wakati nyingine bado, na ufa hupita hapo. Kwa hiyo vyungu hukaushwa kivulini, polepole. Kwa hiyo pia wafinyanzi wengi huchanganya mchanga au vigae vilivyotwangwa: punje hizo hazisinyai, na pembeni mwake maji hupata njia ya kutoka.

Hata hivyo chungu kikavu bado ni tope linalosubiri maji. Kitumbukize kwenye beseni, kitalainika na kuporomoka. Moto ndio unaokata njia ya kurudi, na huikata kwa hatua. Kwanza, kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, hutoka maji yaliyobaki katikati ya chembe. Maji yakigeuka mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya awali. Moto ukikurupushwa, mvuke unakosa pa kupita na chungu kinapasuka kwa kishindo. Hatua ya pili ndiyo ya ajabu. Kati ya nyuzi 450 na 600 hivi hutoka maji yaliyokuwa sehemu ya madini yenyewe, yaliyofungwa humo tangu mwamba ulipooza. Katika udongo safi wa kaolini maji hayo ni karibu asilimia 14 ya uzito wote. Yakishaondoka, muundo wa chembe umebadilika, na hakuna mvua itakayoufanya kuwa tope tena.

Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao huuzwa kwenye soko la Jumamosi la Lyulilo karibu na Matema, huvuka hatua hizo zote kwa moto wa wazi, bila tanuri. Moto wa namna hiyo kwa kawaida hufika kati ya nyuzi 600 na 900. Kauri ya vikombe vya dukani huchomwa kwenye nyuzi 1,300 hivi, ambapo sehemu ya udongo huyeyuka kuwa kioo na kuziba kila kitundu. Moto wa wazi haufiki huko. Chembe hushikana pale zinapogusana tu, na ukuta hubaki na vitundu visivyohesabika.

Vitundu hivyo ndivyo vinavyofanya kazi. Maji hupita ndani yake hadi nje, na huko molekuli zenye kasi kubwa hutoroka hewani. Zinazobaki ni zile za mwendo mdogo, na maji yenye molekuli za mwendo mdogo ndiyo maji baridi. Tupige hesabu. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke hutumia takriban kilojuli 2,400. Kuipoza lita hiyo kwa nyuzi moja ni kuondoa kilojuli 4.2 tu. Basi mtungi wa lita 20 ukipoteza glasi moja ya mililita 200, joto linalochukuliwa linatosha kushusha maji yote kwa karibu nyuzi 6. Kwa kweli hupungua kidogo kuliko hapo, kwa kuwa hewa ya nje nayo hurudisha joto.

Hewa ina mpaka wake. Kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 30, kama hali ya kiangazi cha Dodoma, maji yanaweza kukaribia nyuzi 18. Unyevu ukipanda hadi asilimia 80, kama inavyotokea pwani, hayatashuka chini ya 27. Mfinyanzi hana kosa hapo.

Vitundu hivyohivyo huokoa chungu cha kupikia. Kitako kinapotanuka kwa moto huku mdomo ukiwa baridi, nyufa ndogo huanza, lakini ufa ukifika kwenye kitundu au punje ya mchanga hupoteza nguvu na kukwama. Kikombe cha kauri kikiwekwa juu ya mafiga hakina kinga hiyo. Naona ni makosa kuuita moto wa wazi duni kwa sababu haukufika nyuzi 1,300. Ungefika, tusingekuwa na mtungi wala chungu.

Ukienda kununua, gonga ubavu kwa kifundo cha kidole: sauti ya wazi ni ya chombo kizima, sauti iliyokufa mara nyingi ni ya ufa. Chungu kipya kipikie uji kwanza. Wanga wake huziba vitundu kiasi cha kuzuia mchuzi usipenye. Mtungi usiutendee hivyo, wala usiupake rangi ya mafuta, hata iwe nzuri vipi. Uweke kivulini penye upepo, na unapoona utando mweupe wa chumvi nje, usugue kwa brashi na maji matupu mpaka udongo uonekane.