Ploti ya Sh1.5 Milioni: Ukishafunga Bei, Bado Kuna Nini?

SWALI: Nimepata ploti ya futi 50 kwa 100 karibu na Kitengela kwa Sh1.5 milioni. Hizo pesa ninazo. Nilipe?

JIBU: Kama hizo ndizo zote, usilipe. Tafuta ya bei ya chini zaidi. Ushuru wa stempu peke yake ni asilimia 4 ya thamani ya ardhi mijini, yaani Sh60,000 kwa ploti kama yako, na asilimia 2 mashambani. Hutozwa kwa makadirio ya mthamini wa serikali, ambaye anaweza kuiona ploti yako kuwa na thamani kubwa kuliko bei mliyopatana. Halafu kuna ada ya wakili, pamoja na VAT ya asilimia 16 juu yake, na ada za usajili.

SWALI: Muuzaji anapendekeza tutumie wakili wake ili nipunguze gharama.

JIBU: Wakili wake atalinda maslahi yake. Ajiri wako. Atapekua rekodi za ardhi, ataangalia kama ploti tayari ina hati yake au bado imo ndani ya hati mama, na kama ni ya kilimo atahakikisha ombi la kibali limefika kwenye bodi ya ardhi ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila kibali hicho, mauzo ni batili.

SWALI: Broka anasema bei ni “safi mkononi”. Maana yake nini?

JIBU: Mara nyingi ni kwamba muuzaji anataka umbebee mizigo yake. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 15, ni yake. Malimbikizo ya kodi ya kaunti pia. Mkataba useme wazi nani analipa nini.

SWALI: Bikoni naziona zote nne. Msoroveya wa nini tena?

JIBU: Bikoni hung’olewa na kusogezwa. Msoroveya huja na ramani, akapima kutoka bikoni hadi bikoni, na hapo ndipo wengine hugundua kwamba ua wa jirani umeingia kwao, au kwamba barabara waliyoonyeshwa haimo kwenye ramani. Mlipe kabla ya kutoa amana. Ni pesa ambayo watu hukwepa kuitoa, nami huumia kuona mtu akipoteza ploti nzima kwa kuikwepa.

SWALI: Nikishapata hati, naweza kuanza kujenga?

JIBU: Kama ardhi imesajiliwa kuwa ya kilimo, kuna ada za kubadilisha matumizi kwanza, kisha za kuidhinisha ramani ya nyumba. Uliza pia nguzo ya umeme ya karibu iko wapi, na majirani wanapata maji wapi. Wakinunua ya boza, nawe utanunua.

Lakini huko Kitengela, kinachomeza pesa hasa ni udongo mweusi. Mvua ikinyesha huvimba, jua likiwaka hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na msingi uliosimama juu yake hupasuka nao. Ni sharti uchimbwe mpaka chini kwenye murramu au mwamba, uondolewe kwa lori, kisha pajazwe mawe. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, omba ruhusa ya muuzaji, mlipe kibarua achimbe shimo, kisha mwite fundi aangalie kina cha udongo huo na akukadirie msingi. Ukishajua gharama hiyo, rudi kwa muuzaji mkajadili bei upya.