Nusu Saa ya Kwanza ya Siku

Wahenga walisema, Nyota njema huonekana asubuhi. Basi katika somo la mwezi huu twataka kuitazama asubuhi yetu, hasa nusu saa ile ya kwanza baada ya kuamka, tuone ni nani aitawalaye.

I. Mambo yalivyo

Zamani mtu wa Kipatimu alipoamka aliwaamkia watu wa nyumba yake, akanawa uso, akachukua jembe. Siku hizi wengi wetu, hata kabla ya kunawa, mkono hutafuta simu chini ya mto. Mtu ataka kujua saa tu. Akiisha kuiona saa, aona ujumbe. Akiisha kuusoma, aona picha. Na picha moja huita ya pili, maana vyombo hivi vimetengenezwa visiwe na mwisho. Nusu saa hupita. Huyo huondoka kitandani na maneno ya watu arobaini kichwani, wala hajamwamkia mkewe.

Hatusemi kwamba simu ni mbaya. Kwa simu twapata habari za ugonjwa na msiba, twapokea fedha za mtoto aliyeko Dar es Salaam, twajua bei ya ufuta na korosho mnadani. Kazi hizo ni njema. Lakini mtumishi mwema naye hukosea akiingia chumbani kabla hajaitwa.

II. Kusoma ni mali ipoteayo

Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba watu wazima wapata theluthi mbili katika nchi hii hawakujua kusoma. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee kwa vijana wakaenda darasani baada ya kazi ya shamba. Kufika mwaka 1986 ilihesabiwa kwamba wasiojua kusoma wamebaki chini ya mmoja katika kumi. Lakini hesabu ya mwaka 2002 ilionyesha tena watu wazima wapatao watatu katika kumi wasiojua. Sababu zilikuwa nyingi, na mojawapo ni hii: wengi walijifunza herufi, kisha hawakupata kitu cha kusoma, wakasahau. Kusoma ni kama njia ya msituni. Isipopitwa huota majani.

Wazee wale walipoteza kusoma kwa kukosa vitabu. Sisi twaweza kupoteza hali kitabu kimo nyumbani. Mtu atasema, “Mimi nasoma sana, maana simu imejaa maandishi.” Ni kweli, lakini kuna kusoma na kusoma. Maneno matano ya ujumbe hayahitaji saburi. Ukurasa wa kitabu hutaka uufuate tangu mwanzo, ukumbuke lililosemwa juu, upime kama lililo chini yalifuata. Mwenye kuacha mazoezi hayo ataona siku moja kwamba sura moja yamshinda kuimaliza, ingawa kila neno lake alijua. Na kama mtu huyo ni mwinjilisti au mwalimu, hasara si yake peke yake, bali ni ya wote wamsikilizao.

III. Mnong'ono na maandishi

Katika milima hii yetu tuna mfano mkubwa. Mwezi wa Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kabla ya hapo habari za maji zilikuwa zimepita vijijini kwa siri, kinywa kwa sikio. Kwa Kimatumbi huitwa njwiywila, yaani mnong'ono. Mnong'ono ule ulikuwa na kazi yake, maana haukufaa kusikiwa na Wajerumani na maakida wao. Lakini habari ya kunong'ona haina ukurasa wa kurudia. Aliyesikia hakuweza kufungua mahali akaona neno la kwanza lilikuwaje.

Nasi leo twajuaje mambo yale? Kwa sababu yaliandikwa. Huko Lindi Abdul Karim bin Jamaliddini aliandika utenzi wa vita hivyo. Katika miaka ya 1960 mwanahistoria G. C. K. Gwassa alikaa na wazee wa Umatumbi, akayaandika maneno yao kabla hawajafa. Habari za simu zipitazo kutoka kundi hadi kundi zafanana na mnong'ono: huenda mbio, hubadilika njiani, na kesho huwezi kumpata aliyeanza kusema. Kitabu hungoja. Ukitilia shaka, warudi ukurasa wa nyuma ukapima. Anayeianza siku kwa kupima atakuwa vigumu kudanganywa mchana.

IV. Mfano wa Herrnhut

Katika kanisa letu jambo hili si geni. Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 aliweka utaratibu mfupi wa asubuhi kwa watu wa nyumbani, kisha kila mtu aende kazini kwa furaha. Mwaka 1728 huko Herrnhut, Ujerumani, Zinzendorf alianza kuwapa ndugu neno moja fupi la siku, nalo likapelekwa nyumba kwa nyumba. Tangu mwaka 1731 maneno hayo yamepigwa chapa katika kitabu cha kila mwaka, nacho chatolewa hata leo kwa lugha nyingi. Tuangalie siri ya kudumu kwake: sehemu ilikuwa fupi, na wakati wake ulijulikana.

V. Jinsi ya kuanza

Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa London walitoa habari za watu 96 waliojaribu kupata desturi mpya, kila mmoja akiifunga na jambo la kila siku. Kwa wengine desturi ilikadiriwa kushika kwa siku 18, kwa wengine 254. Katikati ilikuwa siku 66. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Basi usikate tamaa wiki ya pili. Hata mchungwa hauzai mwezi uliopandwa.

1. Simu ilale mbali na kitanda. Kama una mgonjwa mahali, acha mlio wa kupigiwa, uzime data. Kwa kuamka, saa ya kengele yatosha, au jogoo.

2. Kitabu kilale pale simu ilipokuwa ikilala, na taa kando yake. Mkono utafutao kwa mazoea ukute kitabu.

3. Funga kusoma na jambo ulilolizoea, kama kunawa uso au kungoja chai.

4. Anza na kurasa mbili tu. Haba na haba hujaza kibaba.

5. Soma kwa sauti, ili asiyejua kusoma naye apate fungu lake, na watoto wamwone baba na mama wameshika kitabu.

6. Andika mstari mmoja katika daftari: nimejifunza nini leo?

Mtu atauliza, “Nisome nini?” Soma Biblia, soma pia Shaaban Robert, habari za nchi yetu, kitabu cha kilimo. Vikiwa haba, nyumba nne zenye kitabu kimoja kimoja zina vitabu vinne, zikibadilishana. Mwingine atasema, “Biblia yangu imo ndani ya simu.” Vema, zima data kwanza, lakini ukiona kidole chateleza kwenda penginepo, tafuta ya karatasi.

Na mama aendaye kuchota maji alfajiri, asubuhi yake si yake. Asilaumiwe. Mume au mtoto amsomee anapopuliza moto, au achukue ndoo yeye, mama akae na kitabu. Nyumba isiyogawana kazi haitagawana kusoma.

Saa moja na nusu ikifika, washa simu. Habari zote utazikuta zikikungoja, nawe utazisoma ukiwa umekwisha kuamka kweli.

Maswali ya kuzungumza

1. Jana asubuhi, kitu cha kwanza ulichoshika ni nini?
2. Je, kijijini kwenu yuko aliyejua kusoma akasahau? Twaweza kumsaidiaje?
3. Taja habari uliyoipata kwa simu, kisha ikaonekana si kweli. Ungaliipimaje?
4. Ni nyumba zipi nne zitakazoanza kubadilishana vitabu mwezi huu?